Tembo Yupo, Picha Imepauka: Kwa Nini Picha za Tarangire Huwaangusha Wateja Wetu

Karibu kila Jumatatu hutujia mteja mwenye shida ileile. Anaingia ofisini kwetu hapa Arusha, anatoa simu au kamera mkobani, anaiweka mezani na kusema, "Jamani, hebu niangalizieni hii, naona imeharibika." Tunafungua picha pamoja naye. Tembo yupo, ila ngozi yake imepauka kama aliyemwagiwa unga. Mbingu nyeupe pe. Simba ni doa la kahawia katikati ya nyasi za kahawia, na usipoelekezwa kwa kidole humwoni. Mteja ameshajiandikia dawa: anataka kukodi lenzi kubwa zaidi. Lenzi tunazo, na kukodisha pamoja na kuandaa safari za picha ndiyo kazi yetu, lakini kabla ya kufungua kabati tunamuuliza: mliingia langoni saa ngapi?

Mara nyingi jibu ni saa nne asubuhi.

Naomba nilieleze jambo hili kwa kirefu, maana watu wanaweka akiba mwaka mzima kwa ajili ya siku moja ya mbugani, halafu wanarudi na huzuni ambayo ingeepukika.

Kutoka Arusha hadi lango la Hifadhi ya Taifa ya Tarangire ni kama kilomita 118. Unashika barabara ya Dodoma, unapita Makuyuni mpaka Kwa Kuchinja, kisha unakunja kushoto. Familia ikitoka mjini saa moja, ikasimama kuweka mafuta, ikanunua maji na sambusa, ikasubiri malipo yakamilike langoni, inaanza kuona wanyama jua likiwa juu tayari. Tarangire iko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, na jua la huku halikawii. Linapanda karibu wima, takriban nyuzi 15 kila saa. Likichomoza saa 12 na nusu, ule mwanga wa dhahabu unaolala ubavuni mwa mnyama na kuonyesha kila kunjo la ngozi unadumu saa moja hivi. Ikifika saa nne mwanga unamwagika kutoka juu: mgongo unang'aa, tumbo linakuwa jeusi, macho yanazama kivulini. Macho yakishapotea hayo, hakuna kamera ya kuyarudisha, hata iwe ya bei gani.

Kisha kuna mazigazi. Yale mawimbi unayoyaona juu ya lami wakati wa jua kali yapo pia juu ya nyasi na mchanga. Ardhi ikishapata moto, hewa iliyo juu yake inacheza, na mnyama aliye mbali anatoka kama aliyepigwa picha chini ya maji. Hapo lenzi kubwa inazidisha tatizo, kwa sababu inamvuta mnyama pamoja na hewa yote iliyo kati yenu. Tumeshapokea lenzi nyingi zilizorudishwa kwa madai kwamba fokasi imekufa, tukizijaribu asubuhi nje ya ofisi zinakata kama wembe. Mazigazi hayana dawa ya dukani. Unasogea karibu kadiri barabara inavyoruhusu, au unafika mapema wakati ardhi bado ina baridi ya usiku.

Kwa sababu hiyo safari yetu ya picha inaanza jana yake. Tunatoka Arusha saa tisa alasiri, tunalala Kwa Kuchinja, au ndani ya hifadhi kwenye kambi ya mahema kwa wanaopenda. Malipo ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, tunayamaliza mapema, kwani langoni hawapokei fedha taslimu na foleni ya malipo imeshakula asubuhi za watu wengi. Saa kumi na moja tunagonga milango. Chai ipo kwenye chupa, maandazi kwenye bakuli, na lango likifunguliwa saa 12 gari letu lipo pale. Najua gharama ya kulala inaumiza, na wateja wametuomba tuiondoe. Tumewahi kuiondoa. Waliotoka Arusha usiku wa manane walifika wamechoka, watoto wamelala, na ule mwanga mzuri ukawapita wakiwa wanasinzia. Hatukuirudia tena.

Saa tano hadi saa tisa alasiri tunapumzika. Hilo nalo hushangaza watu: nimelipia siku nzima, mbona tumekaa chini ya mti? Kwa sababu wanyama nao wamekaa chini ya mti, na mwanga haufai. Kuleni, laleni kidogo, chajini betri. Angalizo moja tu la sehemu ya chakula: tumbili wa Tarangire hawana subira. Mkoba wa kamera ukiuacha wazi mezani kando ya ndizi, vyote viwili vinaondoka.

Sasa niwaeleze kuhusu bibi mmoja kutoka Moshi. Alikuja nasi mwezi wa tisa pamoja na wajukuu wake wawili. Vijana walikodi kamera na lenzi ya milimita 600. Bibi alikuwa na simu ya kawaida kabisa, kioo kimepasuka pembeni. Kiangazi kilikuwa kimekolea, Mto Tarangire umebaki vijito vyembamba, na sehemu nyingine mchanga mtupu. Saa moja kasoro dakika kumi tulisimama ukingoni, jua likiwa mgongoni kwetu. Tembo mama alikuwa anachimba. Anapiga mchanga kwa mguu wa mbele, taratibu, kama mtu anayepembua, kisha anaingiza mkonga shimoni na kutupa mchanga pembeni. Anasubiri. Maji yanajikusanya chini. Anavuta kidogo ya kwanza na kuyamwaga, halafu ndiyo anaanza kunywa. Wajukuu walipiga picha sitini kwa dakika tano na kuuliza simba wako wapi. Bibi akasema, "Tulieni, hajamaliza."

Tukatulia dakika arobaini. Mtoto wa tembo, ambaye mkonga wake ulikuwa haufiki chini, akaingiza kichwa chote shimoni, mama akambana kwa mguu asianguke. Alipokitoa kichwa, uso mzima ulikuwa umejaa mchanga wenye maji na mwanga umeulalia. Bibi alibonyeza mara moja. Picha hiyo tumeichapisha kwa ruhusa yake na iko ukutani ofisini, juu ya kabati la lenzi. Wateja hutuuliza imepigwa kwa kamera gani.

Kukaa na mnyama mmoja ni sehemu ya huduma yetu, na tunawaambia watu mapema ili asiwepo wa kukasirika garini. Siku nzima tunaweza kusimama mara sita au saba tu. Anayetaka kuhesabu aina zote za wanyama kwa siku moja, tunamwelekeza kwa wenzetu wanaofanya safari za namna hiyo, na wanazifanya vizuri.

Gari lenyewe lina mambo yake. Dereva wetu anazima injini kila tunaposimama, maana Land Cruiser ikinguruma inatetemeka, na mtetemo huo unaingia kwenye picha. Hatupakii zaidi ya watu wanne, ili kila mmoja awe na dirisha na asimwombe mwenzake ainame. Dirishani tunaweka vifuko tulivyoshona kwa jinzi kuukuu, kila kimoja kina mchele kilo mbili. Unakilaza kwenye ukingo wa dirisha, unakikandamiza katikati mpaka kitengeneze bonde, kisha unalaza lenzi humo. Tripodi haina nafasi garini. Kifuko cha mchele kinatulia kuliko mkono wa mtu yeyote. Simu nayo hulazwa humohumo.

Watu hupenda kusimama wakatoa kichwa kwenye paa lililoinuliwa. Kwa mandhari na kwa nyasi ndefu, sawa. Kwa mnyama aliye karibu, ninakusihi ukae chini upige kupitia dirishani, kioo kikiwa kimeshushwa chote. Ukiwa juu ya paa, simba anaonekana kama paka aliyeko sakafuni. Ukiwa dirishani, macho yenu yanakaribiana, na mtazamaji wa picha anahisi kwamba simba yule alimwangalia yeye.

Kwa wenye simu: msivute kwa vidole mpaka mwisho. Simu ikimaliza lenzi zake halisi inaanza kukata picha na kuipanua, na hapo ndipo tembo anapogeuka uji. Afadhali mnyama awe mdogo ndani ya picha pana yenye mibuyu, kwa sababu mibuyu ndiyo Tarangire yenyewe. Gusa uso wa mnyama kwenye kioo, kisha telezesha kidole chini kidogo kupunguza mwangaza. Mbingu itarudi na rangi yake.

Kwa wenye kamera, mazoezi yote tunayafanya ofisini siku moja kabla, kwenye kamera yako mwenyewe, ila jambo moja naliandika hapa kwa kuwa linawakosesha wengi. Kamera hudhani kila kitu duniani kina rangi ya kijivu cha kati. Nyati akijaza fremu, kamera inaona giza na kuongeza mwanga, nyati anatoka kama kapauka kwa vumbi. Yangeyange aliyesimama mgongoni mwake anaungua, anabaki doa jeupe lisilo na manyoya. Punguza mwangaza kidogo, angalia yangeyange, na ukiona manyoya yake basi nyati naye yuko salama. Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga, kwa tembo anayetembea iwe walau 1/500 ya sekunde, kwa ndege anayeruka 1/2000. Msiogope kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, alfajiri. Chengachenga kidogo kwenye picha zinavumilika kuliko mnyama aliyetikisika.

Vumbi ni adui mkubwa wa kiangazi. Lenzi haibadilishwi gari likiwa linakwenda au madirisha yakiwa wazi. Kila kamera tunayokodisha inatoka na khanga, na watu hucheka mpaka waone gari la mbele linavyotimua. Khanga inafunika yote, inafunuliwa kwa mkono mmoja, na jioni unaikung'uta. Nguo za bluu na nyeusi ziacheni nyumbani, mbung'o wanazifuata. Kaki na rangi ya majani makavu zinawafaa zaidi.

Kuna ombi ambalo hatulikubali hata mteja akiongeza fedha: kuacha barabara ili kumsogelea mnyama. Sheria za hifadhi zinakataza, na hata zisingekataza, matairi yanaua nyasi, na duma au simba aliyezungukwa anaacha mawindo yake. Tembo akitanua masikio, akatikisa kichwa na kutugeukia, tunarudi nyuma hata kama picha ilikuwa inakuja. Droni nazo haziruki hifadhini bila kibali, kwa hiyo usiipakie ukidhani tutaangalia huko huko.

Watu huuliza mwezi gani ni mzuri. Kwa wanyama, Julai hadi Oktoba, maji yakiwa yamebaki mtoni na makundi ya tembo yakishuka kila siku. Mvua zikianza, nyumbu na pundamilia wengi wanahama kuelekea tambarare za Simanjiro, na baadhi ya barabara zinakuwa tope jeusi linaloshika gari hadi ekseli. Lakini mimi binafsi, kwa mandhari, naupenda wakati wa mvua kuliko wote. Mibuyu inavaa majani, hewa inaoshwa vumbi, na mawingu makubwa yanalainisha jua kiasi kwamba unaweza kupiga picha hata saa sita mchana. Wageni ni wachache. Ukija wakati huo, njoo ukijua unakuja kwa ajili ya mbingu na miti, na twiga akitokea ni baraka.

Wanaotaka kuunganisha na Ngorongoro tunawatahadharisha jambo moja: kule hesabu ya asubuhi inabadilika. Ukingo wa kreta, lile bonde la volkano, una ukungu na baridi kali, na kuta zake, zenye kimo cha kama mita 600, huchelewesha jua kufika chini. Usikate tamaa ukikuta weupe mtupu pale juu. Subiri ukungu upasuke, na picha ya ukungu unapopasuka huenda ikawa bora kuliko zote za safari.

Ukitaka kuja nasi, tuambie unatumia simu au kamera gani, kama kuna mzee mwenye magoti mabaya ili tumpe kiti cha mbele, na mnyama gani mtoto wako amekuwa akimchora tangu aanze shule. Lenzi zinachukuliwa siku moja kabla, saa nane mchana, ili tupate saa nzima ya kukaa na kamera yako. Memori kadi leta mbili, na iliyojaa usiifute porini. Jioni tukirudi kambini tunahamisha picha zote kwenye kompyuta yetu na kukupa nakala kabla hujalala.