Medali za Baba Zisiuzwe Ovyo

Mhariri, marehemu mzee wetu alikuwa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki wakati wa ukoloni), akapigana Burma, Myanmar ya leo, 1944 katika Vita vya Pili vya Dunia, na medali alizotuachia bado hatujaelewana ziende wapi. Kuna ile Burma Star, medali ya waliopigana Burma, nyota ya pembe sita, utepe umechakaa lakini mstari mwekundu wa katikati bado unaonekana. Shida haijaandikwa jina lake popote, kwa hivyo ukiitenganisha na karatasi yake ya kutoka jeshini inabaki chuma tu, na hawa mabroka wanaotusumbua wanataka nyota peke yake, hapana jamani! Mimi nasema ziende Makumbusho ya Kisumu pamoja na karatasi na picha yake, watuandikie kabisa kwamba haziuzwi, watoto wa shule wazione. Familia zingine hapa Nyanza mlio nazo, tafadhali tujitokeze tuwaombe makumbusho pamoja wazipokee hivyo.

Mtoto wa askari, Kisumu