Kwa ndugu yangu wa Malindi, juu ya filamu fupi za maonyo

Langoni, Lamu

Ndugu yangu mpenzi,

Assalaam alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh. Ama baada ya salamu, natumai barua hii itakukuta mzima wa afya pamoja na jamaa wote. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi, isipokuwa kusi limekaza na boti za Mokowe zinavuka kwa taabu. Nimefurahi kusikia kwamba wewe na wanafunzi wako mmeombwa kutunga filamu ya dakika moja kwa ajili ya runinga, juu ya kuvaa jaketi la kuokolea maisha. Umeniuliza filamu za namna hiyo zilianzaje, na kwa nini nyingine zilibaki vichwani mwa watu na nyingine zikasahauliwa siku ile ile. Jambo hili nimelipenda na kulifuatilia kwa miaka mingi, kwa hiyo nivumilie nikirefusha maneno.

Waliolifanya kuwa kazi maalumu ni Waingereza. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Wizara yao ya Habari ilitoa filamu fupi zilizoonyeshwa katika majumba ya sinema, na vita vilipokwisha kazi hiyo ikarithiwa na Ofisi Kuu ya Habari, iliyoundwa tarehe 1 Aprili 1946. Katika enzi hiyo mtu ninayemheshimu kuliko wote ni Richard Massingham, daktari aliyeacha udaktari akawa mtengenezaji wa filamu, na aliyefariki mwaka 1953. Mara nyingi aliigiza mwenyewe, mtu mnene, mpole, aliyeduwaa kidogo. Katika filamu ya mwaka 1945 juu ya kikohozi na chafya, funzo lote ni kwamba mtu atoe leso na kuziba pua kwa wakati, jambo ambalo lingetosha kuandikwa katika mstari mmoja ukutani. Massingham alitambua kwamba mtu hakatai funzo kwa sababu halielewi. Hulikataa kwa sababu anaona aibu kufundishwa, na kwa hiyo akaibeba aibu hiyo yeye mwenyewe mbele ya kamera ili mtazamaji asiibebe. Waonyeshe wanafunzi wako kazi za bwana huyu kabla hawajaandika neno lolote.

Runinga ilipoenea katika miaka ya 1950, na hasa baada ya kituo cha kibiashara cha ITV kuanza mwaka 1955, filamu hizo zilipata mlango mpana zaidi. Utaratibu wake ulikuwa rahisi: serikali iligharimia utengenezaji, nakala zikapelekwa vituoni bila malipo, na vituo navyo havikudai chochote kwa kuzirusha. Kipindi kikiisha kabla ya saa yake, au nafasi ya tangazo la biashara ikikosa mnunuzi, mtu wa zamu alichukua mojawapo akajaza pengo. Hakuna aliyejua itatokea saa ngapi. Mtoto aliyekaa akingoja katuni alikutana nayo ghafla, bila jina la mtunzi, bila utangulizi, na angekutana nayo tena wiki ijayo na mwaka ujao, kwa kuwa filamu moja ilitumika hadi ikachakaa. Naamini nguvu yake kubwa ilitoka hapo. Sisi leo tunalipia nafasi ya wiki mbili, tangazo likarushwa mfululizo hadi likachosha, kisha likatoweka kabisa, na tunashangaa kwamba watu hawalikumbuki.

Sasa nikueleze moja kwa kirefu, kwa sababu inahusu maji na itawafaa. Ilitengenezwa mwaka 1973, ikaongozwa na Jeff Grant, nayo ni ya dakika moja na nusu. Katika ukungu, juu ya bwawa lenye takataka, panasimama kivuli kilichovaa joho jeusi lenye kofia pana, kisicho na uso. Kinasema kwa sauti ya mwigizaji Donald Pleasence, sauti ya chini, tulivu, isiyogombeza, kwamba chenyewe ndicho roho ya maji ya upweke, kinachowangojea wazembe na wapumbavu. Kisha tunaona mvulana akiinamia maji kwa kushikilia tawi linalokaribia kuvunjika, na mahali ambapo chini ya maji pamefichika mabati na magugu. Kinachonivutia ni kwamba hatuonyeshwi maiti. Mwishoni wanakuja watoto wenye akili, wanamvuta mwenzao aliyezama, na hapo kivuli kinakiri kwamba hakina uwezo juu ya watoto wa namna hiyo. Joho linaanguka chini tupu, linatupwa majini, na sauti inabaki ikirudia kwamba itarudi. Waingereza waliokuwa watoto wakati huo wanaikumbuka hadi leo, wengine kwa hofu. Utaona pia kwamba kitendo kinachotakiwa kimo ndani ya uwezo wa mtoto wa miaka minane: kaa mbali na ukingo, usiamini tawi, mwite mwenzako. Hakuombwa anunue kitu wala asubiri mkubwa yeyote atimize wajibu wake.

Hapo ndipo penye neno langu kwako, na nitalitetea hadi mwisho wa barua. Kabla ya kuuliza filamu ipendeze vipi, ulizeni ni nani mwenye uwezo wa kufanya mnalolitaka, kisha mseme na huyo.

Tazama habari ya mikanda ya magari. Kwa zaidi ya miaka kumi serikali ya Uingereza iliwahimiza madereva kwa filamu za kila namna, na bado waliofunga mikanda katika viti vya mbele walikuwa kama asilimia 40 tu. Sheria ilipoanza kutumika tarehe 31 Januari 1983, idadi ikapanda kupita asilimia 90 kwa muda mfupi. Wengine husema hiyo ni hoja kwamba filamu hazikufaa kitu. Mimi nasema zilifaa, kwa kuwa ziliwazoesha watu wazo hadi sheria ilipokuja haikuwa ngeni, lakini peke yake zisingefika. Sisi wenyewe tulishuhudia Februari 2004, amri ya waziri John Michuki ya mikanda na vidhibiti mwendo katika matatu ilipoanza kutumika: abiria walianza kujifunga kwa sababu mkanda ulikuwapo kitini. Abiria hawezi kufunga mkanda usiokuwapo.

Marekani wana visa viwili ambavyo havinitoki akilini. Mwaka 1967, kwa malalamiko ya mwanasheria kijana aitwaye John Banzhaf, tume ya mawasiliano ya nchi hiyo iliamua kwamba vituo vinavyorusha matangazo ya sigara vitoe pia nafasi ya bure kwa ujumbe unaoeleza madhara yake. Ilikuwa takriban ujumbe mmoja kwa kila matangazo matatu, tena katika saa ambazo watu hutazama. Uvutaji ukaanza kushuka. Kisha, tangu tarehe 2 Januari 1971, matangazo ya sigara yakapigwa marufuku katika redio na runinga, na kwa kuwa hayakuwapo tena, ile haki ya nafasi ya bure nayo ikaondoka, na filamu za maonyo zikapungua sana. Kampuni za sigara zilipoteza matangazo, lakini zikampoteza na adui yao. Wanaosema kwamba nafasi bure ni jambo dogo wakisome kisa hiki.

Kisa cha pili ni cha mwaka huo huo wa 1971. Mtu aliyevaa kama Mhindi Mwekundu anapiga kafi katika mtumbwi kati ya takataka, anafika ufuoni, mtu aliye garini anarusha mfuko unaopasukia miguuni pake, na chozi linamtoka. Picha ile ilisambaa nchi nzima na ikapata sifa. Lakini mwigizaji mwenyewe, Iron Eyes Cody, alikuwa mtoto wa wazazi wa Kiitaliano, na chama kilichoitoa kilianzishwa mwaka 1953 kwa msaada wa kampuni za makopo, chupa na vinywaji, ambazo hazikupenda sheria ya kuzilazimisha kurudisha chupa zao. Chozi likamwangukia mtupa mfuko, na mtengeneza chupa akaachwa. Kila nikitembea ufuoni Shela baada ya bamvua na kuona chupa za plastiki zilizoletwa na bahari, nyingine kutoka nchi za mbali, hulikumbuka chozi hilo kwa uchungu. Ndiyo maana niliipenda sana jahazi ya Flipflopi, iliyoundwa hapa Lamu kwa plastiki iliyookotwa na ikasafiri hadi Unguja mwanzoni mwa mwaka 2019, kwa kuwa ilibeba ujumbe wake hadi kwa wenye viwanda na kwa serikali, haikuishia kwa mtoto aliyeshika chupa.

Usidhani kwamba kwetu mambo haya yaliingia na runinga. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Meja Notcutt na wenzake walitengeneza filamu 35 za mafunzo, zikatembezwa kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda na kwingineko, sauti ikitoka katika sahani za santuri. Waigizaji walikuwa watu wa huku huku. Baadaye, mwaka 1939, ikaundwa Idara ya Filamu ya Makoloni chini ya William Sellers, aliyekuwa ameonyesha filamu za usafi Nigeria, nayo ikafanya kazi hadi mwaka 1955. Sellers alishikilia kwamba Mwafrika aonyeshwe picha za polepole, bila kurukwa hatua, kwa kuwa hataelewa vinginevyo. Fikra hiyo ilikuwa dharau, na naisema wazi. Watazamaji walielewa vizuri. Walielewa pia ni nani anayesema nao na kwa nini, na mara nyingi hilo ndilo lililowafanya wasitii.

Runinga ya Kenya ilianza mwaka 1962, na miaka miwili baadaye shirika likawa Sauti ya Kenya. Matangazo ya chanjo, ya uzazi wa mpango na ya kilimo yalikuja kwa wingi, na mengi yalitungwa bara kwa macho ya bara: shamba la mahindi, barabara ya lami, mama aliyebeba mtoto mgongoni kwenda zahanati. Nilikuwa nikiyatazama pamoja na wazee barazani, na waliyasikiliza kwa adabu, kama mtu anavyosikiliza habari ya mji wa watu. Halafu unakumbuka mwaka 2013, lile tangazo la kampeni ya "Weka Kondomu Mpangoni", lenye wanawake wawili wakizungumza sokoni juu ya mume na mpango wa kando. Mashehe na maaskofu walilipinga kwa sauti moja, likaondolewa hewani mwezi Machi. Watungaji walikuwa na sababu nzito, kwa kuwa ukimwi ulikuwa ukiingia katika nyumba za ndoa, na sikubaliani na waliosema kwamba jambo hilo lisitajwe kabisa. Lakini tangazo linalorushwa saa ya chakula cha jioni, baba na binti wakiwa wameketi pamoja, humlazimisha mtu kuzima runinga hata kama anakubaliana nalo. Wangeweza kusema yale yale saa nyingine na kwa namna nyingine.

Sasa turudi kwenye jaketi. Unajua hali ilivyo. Katika boti nyingi majaketi yapo, lakini yamefungwa rundo moja kwa kamba na kusukumwa chini ya sitaha ya mbele, kamba zake zimeganda kwa chumvi na vishikizo vingine vimevunjika. Abiria anaingia boti ikiwa imekwisha kujaa, ana mtoto mkononi na mzigo wa sokoni, na nahodha ameshawasha mashine. Filamu yenu ikimwambia abiria huyo "vaa jaketi", itakuwa imemwambia asiyeweza. Semeni na nahodha. Muonyesheni akifungua rundo kabla watu hawajapanda, akimpa kila mtu jaketi pamoja na mkono wa kumpandisha, na asing'oe nanga hadi kamba zote zimefungwa. Onyesheni kwa karibu vidole vikifunga kishikizo cha mtoto kwanza, na ile kamba ipitayo katikati ya miguu, ambayo wengi huiacha na jaketi likapanda hadi kichwani mtu akiingia majini. Asionekane nahodha mzembe akilaumiwa. Aonekane nahodha hodari, mwenye heshima zake gatini, afanyaye hivyo kila siku, ili wenzake waone haya kufanya kinyume. Naye aseme Kiswahili cha huku, si kile cha msoma habari. Abiria mwambieni neno moja tu, ambalo analiweza: aulize jaketi kabla ya kulipa nauli.

Na iombeni stesheni isiirushe kwa wiki mbili kisha ikaizika. Bora waiweke mara moja kwa siku, mwaka mzima, hasa kusi linapovuma na wakati wa sikukuu, watu wanapojazana botini kwenda maulidi. Mkipewa kuchagua kati ya nafasi nyingi za mwezi mmoja na nafasi chache za mwaka, chukueni za mwaka.

Nitumie maandishi kabla hamjaanza kupiga picha, hata yakiwa hayajakamilika. Nimezungumza na nahodha mmoja jirani yangu, mtu anayeheshimiwa na wenzake, naye amekubali kutoa boti yake bila malipo na kuigiza mwenyewe, kwa sharti kwamba mje siku za maji mafu na mwanze alfajiri, kabla upepo haujapanda. Nijulishe mapema ni wanafunzi wangapi watakuja, ili nyumbani waandae malazi.

Wasalaam,
Ndugu yako wa Lamu