Kete ya sitini na nne

Kikwajuni, Ijumaa asubuhi

Seif ndugu yangu,

Assalaam alaykum. Barua hii anakuletea mpwa wake Haji, anasafiri kuja huko Muscat keshokutwa, pamoja na karafuu alizozifunga mama. Kwenye simu tunaishia kuulizana joto tu, nikaona bora nikae niandike.

Kwanza nikuulize kete za bao. Usiku ule tuliokuaga, ulipokwisha ondoka tulikusanya kete tuzirejeshe mfukoni, zikawa 63. Tukahesabu mara tatu. Tukamulika chini ya baraza kwa simu, tukakung'uta mkeka, Haji akapindua hata viatu vya watu. Ya 64 haikuonekana. Tangu siku hiyo tunachezea kifungo cha koti. Na komwe ni komwe bwana, mbegu hasa, inateleza kiganjani na mkono unaijua kwa uzito wake. Kifungo kinalala bapa shimoni, ukikichota kinang'ang'ania. Mzee Makame amekipa jina, Mgeni. Kikiangukia nyumba yake, lile shimo lake kubwa la bao, utamsikia, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Kikienda kwangu hasemi kitu.

Alhamisi hatujaikosa ila moja tu, ile ya masika maji yalipoingia mpaka uani. Tukitoka kusali isha tunakuta bao lishatandikwa, birika iko juu ya makaa. Kahawa ni ile ile chungu. Kashata zimekuwa ndogo, bei ndiyo imekua.

Pahala pako pamekaliwa, na hutaamini na nani. Da Zuhura. Unamkumbuka, alikuwa akituletea vikombe na kurudi ndani. Kumbe dirisha lile linatazama bao moja kwa moja. Usiku mmoja Haji anacheza na Shaame, amenyanyua mkono, ikaja sauti dirishani: "Haji, ukila kwa kichwa hicho unamfungulia njia ya nyumba yako." Haji kwa ubishi akala kwa kichwa hicho hicho, shimo lile la pembeni. Shaame naye mtaji wake, zamu yake ya kula, ukafuata, akaichota nyumba nzima, kete tisa, kama anachota mchele wa sadaka. Kimya. Mzee Makame akasogea kwenye mkeka, akasema, "Mwanangu, njoo ukae huku, dirishani kuna mbu."

Shaame alinuna, akasema bao halijawahi kuwa la wanawake. Da Zuhura akamwambia wacheze, maneno baadaye. Alimfunga mkononi, Seif! Shaame ana kete saba mkononi hajazinamua, yaani hajaziingiza mchezoni, na safu yake ya mbele nyeupe, haina kitu. Baadaye tukaambiwa marehemu baba yake Da Zuhura alikuwa akikosa mtu wa kucheza naye mchana, humwita bintiye. Miaka yote tumekaa na fundi ndani ya nyumba tunamwagiza kahawa.

Mimi bado ni yule yule. Alhamisi iliyopita nilimpata Mzee Makame pabaya. Nyumba yangu ilikuwa na kete 12, naitunza kama yai, natakata huku na huku, nacheza bila kula, nisiiguse. Ikaja kete yangu ya mwisho ikaangukia papo hapo nyumbani, baada ya kula. Mtu mwenye akili angelala pale, aishie hapo. Mimi nikaisafirisha, nikaichota nyumba yote. Nilianza kumwaga nikiziona kabisa zinakokwenda, zikapinda kichwani, zikapita safu ya nyuma, na ile ya mwisho, nayo ndiyo kile kifungo, ikatua kwenye shimo tupu. Tak. Mzee hakucheka hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma. Alikunywa kahawa yake akaimaliza, akaweka kikombe, akaanza kunila kidogo kidogo mpaka akasema, "Hamna," sina tena kete mbele. Ningekuwa na wewe pembeni ungenikanyaga mguu kabla sijachota.

Wakubwa wakichoka, mtoto wa Shaame na wenziwe wanachukua bao. Tumewaanzisha bao la kujifunza, mbili mbili kila shimo. Wanapiga kelele kama wamo kwenye dhumna. Keram tumeitoa kabisa, poda ilikuwa inaishia kwenye kahawa.

Nimewasomea pale uliposema wazee wa huko Muscat wana hawalisi yao, bao la huko, mashimo saba kila safu, letu manane. Mzee Makame akauliza, "Na la nane wamemwachia nani?" Lakini amekaa akafikiri usiku mzima, akakosea hata hesabu. Anataka umuulizie kama wana nyumba, na kama kete inapotua kwenye shimo lenye kete nyingine unaendelea au vipi. Ukae nao, ucheze hasa, usiulize umesimama.

Turudi kwenye kete. Usiku ule ulivaa shati la buluu lenye mfuko kifuani, na wewe ukingoja zamu yako una tabia ya kuchezea kete vidoleni. Hebu tia mkono humo mfukoni, kama halijafuliwa. Da Zuhura anasema ukiiona usimpe mtu, uje nayo mwenyewe Ramadhani, umkute pahala pako uone kama atakupisha. Mimi nasema mpe huyo kijana airudishe, wiki mbili tu yuko huko. Kifungo kile ni cha koti langu, na Shaame anaoza binti mwezi ujao.

Wako,
Khamis