Namna ya kusoma "ch", "th" na "gh": barua kwa mdogo wangu wa Bukavu

Leeds, Uingereza

Mdogo wangu mpendwa,

Barua yako imenifikia, nami nashukuru kusikia kwamba mama na nyote nyumbani ni wazima. Unauliza kwa nini mwalimu anakukosoa kila unaposoma Kiingereza kwa sauti, ilhali maana ya maneno unaifahamu. Sababu ni kwamba unakisoma kwa kanuni za Kifaransa, lugha uliyofundishwa kusomea tangu utotoni.

Anza na "ch". Katika maneno ya asili ya Waingereza, kama "child" na "chicken", itamke kama tunavyosema "chakula". Katika maneno waliyoyachukua kwa Wafaransa karne za karibuni, kama "machine" na "chef", ni "sh" ile uliyoizoea darasani, na katika yale yenye asili ya Kigiriki, kama "school" na "chemistry", ni "k". Utashangaa kwamba "change" nalo lilitoka kwa Wafaransa, lakini hutamkwa kwa "ch" yetu. Liliingia mapema mno, wakati Wafaransa wenyewe walipokuwa bado wakitamka hivyo, na baadaye wao ndio waliobadilika.

Kuhusu "th", nakusihi usiigeuze kuwa "s" wala "z". Kwetu Kadutu tunasema "feza" na "selasini", lakini Kiswahili cha vitabuni kina "fedha" na "thelathini", na sauti hizo mbili ndizo hasa wanazozitumia Waingereza. Weka ncha ya ulimi kati ya meno, kisha pumua: "think" huanza kama "thelathini", nayo maneno madogo yanayorudi kila mara, "the", "this", "they", huanza kwa "dh". Wao huandika sauti zote mbili kwa herufi zile zile, na hapo naona mwandiko wetu umewazidi.

Iliyo ngumu kweli ni "gh". Zamani ilikuwa sauti ya kooni, karibu na "kh" ya "sheikh". William Caxton alipoleta uchapaji Uingereza mwaka 1476, tahajia ilianza kushika mizizi huku matamshi yakiendelea kubadilika, hata sauti hiyo ikapotea na herufi zikabaki. Leo katika "night" ni bubu, katika "enough" ni "f". "Through" husomwa "thruu", "though" husomwa "dhou", na "cough" husomwa "kof". Kwa maneno haya sina kanuni ya kukupa: lazima ulisikie kila neno likitamkwa, kisha uliandike daftarini pamoja na matamshi yake.

Nitumie sauti yako kwa WhatsApp ukisoma maneno yote niliyoyataja, polepole, nami nitakusahihisha moja baada ya jingine. Mama nisalimie sana.

Ndimi yaya wako