Swali lile lile, majibu mawili

Swahiba,

Salamu nyingi, na za nyumbani kwako. Ujumbe wako niliusoma jana usiku. Kabla hujaligusa tena hilo swali lako la SQL (lugha ya kuiuliza kanzidata), nakuomba uliache kama lilivyo. Ukiliuliza mwenyewe kwenye psql, dirisha la kuandikia amri za kanzidata ya PostgreSQL, unapata hesabu sahihi, likitoka kwenye programu ya Java linaleta nyingine. Mimi ningeanza kumshuku anayeuliza.

Yalinikuta haya kwenye duka la dawa linalokesha wazi. Ripoti ya programu ilisema Jumanne yamefanyika mauzo 214. Daftari la kijana wa zamu ya usiku lilikuwa na 187, na fedha za 187. Mwenye duka akaanza kumwangalia yule kijana kwa jicho la wizi. Nikiuliza kwenye psql napata 187! Siku mbili nzima nilifumua na kufuma JOIN (sehemu za swali zinazounganisha majedwali), wapi.

Mwishowe nikaiambia programu yenyewe ichapishe current_setting('TimeZone'), yaani inafuata saa za wapi. Ikaandika UTC, saa za kimataifa. Psql yangu ilikuwa Africa/Dar_es_Salaam. Nikaandika pale pale SET TIME ZONE 'UTC', nikarudia swali. 214.

Safu ya jedwali iitwayo iliuzwa ni timestamptz (aina ya data ya tarehe na saa), na PostgreSQL huiweka kwa UTC. Ukiandika iliuzwa::date ndipo inapokata siku, na huikata kwa saa za muunganisho uliopo. Sisi tuko saa tatu mbele, kwa hiyo Jumanne ya programu ilianza saa tisa usiku wetu ikaishia saa tisa ya usiku wa kuamkia Jumatano. Tukisema "usiku wa kuamkia Jumatano" hakuna Mswahili anayepotea, lakini kanzidata lazima uitajie.

Nikakimbilia ALTER ROLE, amri ya kubadili mipangilio ya mtumiaji wa kanzidata, kuweka saa za Dar, nikadhani nimemaliza. Haikusaidia kitu, na hapa ndipo utakapojikwaa na wewe: draiva ya JDBC (kiungo cha Java na kanzidata) inapounganisha hutuma saa za JVM (mashine pepe inayoendesha programu ya Java), na hizo hushinda za ALTER ROLE. JVM yetu ilikuwa ndani ya kontena lenye UTC. Kilichotibu ni kuandika saa ndani ya swali lenyewe: (iliuzwa AT TIME ZONE 'Africa/Dar_es_Salaam')::date. Sasa aulize nani, jibu ni moja.

Basi leo fanya hivi. Kutoka ndani ya programu, si psql, chapisha:

SELECT current_user, current_database(), current_schemas(true), current_setting('TimeZone');

Kisha ivalishe psql yako mavazi hayo hayo. Usiipuuze ile ya skima (kundi la majedwali ndani ya kanzidata), maana programu yaweza kuwa inasoma jedwali jingine lenye jina lile lile.

Kama shida ingekuwa kasi tu, ningekuelekeza kwingine. Swali likiandaliwa mara moja na kutumiwa tena na tena kwa thamani tofauti, mara tano za kwanza PostgreSQL hulipangia njia kwa thamani halisi ulizoipa. Baada ya hapo yaweza kushika mpango mmoja wa jumla. Hilo hulioni ukibandika thamani kwa mkono. Tumia PREPARE kuliandaa swali, kisha EXPLAIN EXECUTE kuuona mpango wake, mara sita au saba.

Yule kijana bado yupo zamu ya usiku. Nilikaa na mwenye duka tukapitia miamala ile mmoja mmoja, na saa zake. Alimwomba radhi mbele yangu.

Nitumie jibu la amri hiyo hata kama ni usiku.

Wako daima