Boksi la kazi saba, betri moja

Ndugu Mhariri,

Mimi ni dereva wa Noah, Lindi kwenda Masasi. Mei 2024, mvua zilipokata barabara ya Dar es Salaam kule Kilwa, niliingiwa na hofu ya maji. Kabla mwaka haujaisha nilishampa machinga shilingi 65,000, naye akanipa boksi jekundu lenye kila kitu: tochi, pampu ya upepo, chaja ya simu, cha kubustia betri ya gari, king'ora, nyundo ya kuvunjia kioo na wembe wa kukatia mkanda. Naandika kwa sababu wenzangu stendi bado wanayanunua.

Usiku mmoja wa msimu wa korosho, tumeshapita Mtama, Nyangao bado, tairi la nyuma likapata pancha. Spea nayo ilikuwa na upepo kiduchu; hilo kosa ni langu. Nikatoa boksi kwa madaha mbele ya abiria. Kimya. Mgongo wake umevimba kama andazi. Ndani mna betri ya lithiamu, nami nilikuwa naliacha juu ya dashibodi mchana kutwa, mahali ambapo jua letu hupandisha joto kupita nyuzi 60. Tena nashukuru lilivimba tu, halikuwaka moto. Betri ilipokufa ilikwenda na tochi, pampu, chaja na king'ora kwa mpigo. Tukamulikiwa na simu za abiria, kijana wa bodaboda akatuazima pampu ya baiskeli. Mzee mmoja alijitolea kuhesabu misukumo ya pampu. Alipofika mia mbili akasema tumwamshe tukiwa tayari.

Kesho yake nikalipeleka boksi gereji. Fundi ana mlango wa Noah chakavu, kioo kizima. Nikapiga nyundo mara tano. Ncha ikapinda, maana ni bati laini lililopakwa rangi ya kung'aa, na kioo hakikupata hata mkwaruzo. Wembe ulikata mkanda hadi nusu ukakwama; fundi akanionyesha kukata mshazari, ndipo ukapita. Halafu akachukua ponchi yake ya springi, kichuma chenye ncha kinachojifyatua ukikikandamiza, kisichozidi urefu wa kalamu, akaikandamiza kwenye kona ya kioo. Tak! Kioo kizima kikamwagika kama chumvi ya mawe. Hakurusha hata mkono, na ukiwa ndani ya maji huna nafasi ya kurusha mkono.

Lakini ponchi hiyohiyo kwenye kioo cha mbele iliacha kitundu tu. Kioo cha mbele ni matabaka mawili yenye plastiki katikati. Mwanangu alinisomea kwamba mwaka 2019 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilijaribu vifaa sita vya namna hii: vinne vilivunja kioo cha tempa, yaani kile kinachomwagika vipande vidogo kama cha mlango wa fundi, hakuna hata kimoja kilichovunja kile cha matabaka. Na magari mengine mapya siku hizi yana vioo vya matabaka hata milangoni. Tazameni kona ya chini ya kioo, huandikwa Tempered au Laminated. Mimi nimezunguka gari langu lote nikisoma, watu wakadhani natafuta mwizi wa vioo.

Sisemi boksi halifai kwa lolote. Lililo zima litabusti gari dogo la petroli. Ninachowaomba wauzaji ni waandike kwenye boksi joto gani lisizidi na kioo gani halivunji. Na wenzangu, msiweke nyundo kwenye buti pamoja na jeki. Maji yakiingia nani atakwenda huko nyuma?

Sasa nina tochi ya betri za kawaida, pampu ya mguu, na ponchi ya shilingi 8,000 niliyoifunga kwa mpira wa tyubu ubavuni mwa kiti. Mke wangu aliuliza kile kidude ni cha nini. Nikamwambia akae kitini, afumbe macho, akitafute kwa mkono. Mara ya kwanza alishika breki ya mkono. Mara ya tatu akakipata bila kupapasa.

Dereva wa Noah,
Lindi Mjini