Wanafunzi waanze na Jean Calas

Mhariri,

Nimefundisha historia sekondari kwa miaka 31, sasa nimestaafu. Juzi mjukuu wangu wa kidato cha nne alinisomea daftari lake kuhusu wanafalsafa wa Ulaya wa karne ya 17 na 18: Locke, haki za asili; Montesquieu, mgawanyo wa madaraka; Voltaire, uhuru wa mawazo. Amekariri vizuri. Nilipomuuliza Voltaire alimtetea nani, akanyamaza. Niliumia, maana nami nilifundisha hivyo hivyo miaka mingi.

Alimtetea Jean Calas, mfanyabiashara wa vitambaa mjini Toulouse, Ufaransa, Mprotestanti. Oktoba 1761 mwanawe alikutwa amekufa nyumbani. Watu wakavumisha kwamba baba amemuua ili asihamie Ukatoliki, na mahakama ikaupokea uvumi huo. Machi 10, 1762, mzee wa miaka 63 alivunjwa mifupa kwenye gurudumu hadharani. Hadi mwisho alisema hana hatia.

Voltaire hakuwa ndugu yake wala wa dhehebu lake. Hata hivyo aliandika barua kwa wakubwa, akahimiza mawakili, na mwaka 1763 akatoa kitabu cha kutetea uvumilivu wa dini. Machi 9, 1765, Calas alisafishwa jina mjini Paris. Mjane wake alikuwa hai kuyasikia hayo.

Walimu wenzangu, nawaomba mwanzie kwa mzee huyu, fasili zifuate. Mjukuu wangu aliniuliza maswali mpaka saa nne usiku: nani alitoa ushahidi? Kwa nini walimtesa kabla ya kumuua?

Mwalimu mstaafu,
Tanga